Jumamosi za Émerence

Émerence Likoke hakuwa amemaliza wiki mbili kambini alipoanza kutembea.

Sisi wake wa askari tuliofika Kamina mwaka ule tulifanya kile ambacho kila mgeni hufanya. Tulifungua nusu ya mizigo, nusu tukaiacha imefungwa, tukangoja. Kambi iko mbali na mji, pikipiki hula vumbi muda mrefu kabla ya kuona nyumba ya kwanza ya matofali. Ukitaka nyanya, kuna mama anayezileta langoni. Ukitaka kinywaji, kuna nganda, baa ndogo karibu na lango, ambako muziki ni wa Kinshasa, maneno ni Lingala na chakula ni samaki wa chumvi na kwanga ya mihogo, kama vile hukuondoka ulikotoka. Mtu angeweza kukaa Kamina miaka mitatu bila kuiona Kamina. Wengi walifanya hivyo.

Jina langu ni Hulda, kwetu ni Bunia. Mlango wangu ulitazamana na mlango wa Émerence, kwa hiyo niliona yote. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Lisala, mama wa wasichana wawili wa shule ya msingi. Mume wake, Guelord, alikuwa adjudant, cheo cha chini kidogo ya ofisa. Tangu waoane walikuwa wamehama kutoka kambi hadi kambi, na Kamina ilikuwa mji wao wa sita. Émerence alifagia ua wake asubuhi, akaufagia tena kabla ya mchana, halafu akaja kufagia wangu. Ukimpa kiti, aliweka mkono tu juu yake na kuendelea kuongea.

Kisha Guelord akatumwa upande wa Malemba-Nkulu. Simu yake ilianza kupotea, siku tatu, siku nane. Hapo ndipo miguu ya Émerence ilipozidi kuwasha. Jumamosi moja aligonga kwangu mapema.

"Hulda, vala viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Mjini. Nataka kuona watu wa hapa wanakula nini."

Safari ya kwanza haikufaa kitu. Pikipiki ilitushusha karibu na stesheni ya treni, tukaingia mahali penye viti vya plastiki, tukaletewa wali na kuku. Wali ule ungekuwa wa Goma, au wa Kindu, au wa popote. Émerence alimwita mhudumu.

"Baba, watu wa Kamina wanakula hapa?"

Yule bwana akacheka kwa upole. "Bantu ba hapa banakula ku nyumba, mama. Hapa banakula bageni."

Émerence aliinuka papo hapo. Mimi nilibeba paja la kuku mkononi nikamfuata. Tulitembea kando ya reli, ambako majani yameota katikati ya vyuma, tukapita nyumba za zamani za wafanyakazi wa treni, tukapishana na baiskeli zilizobebeshwa makaa mpaka humwoni anayezisukuma. Viatu vyangu vilianza kuniuma. Nilimwambia turudi. Akasema tufike kona ile tu. Tulifika kona nne. Kwenye ya tano, ndani ya mtaa wa Dimayi, tukasikia harufu ya samaki mbichi kwenye mafuta ya mawese.

Ilitoka kwenye parsele, kiwanja cha nyumba kisicho na kibao wala jina. Uani kulikuwa na mabenchi manne chini ya paa la nyasi, na mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa amechutama mbele ya sufuria, rozari ikining'inia shingoni. Huyo alikuwa Mama Umba. Ukoo wake ulilima ardhi ya pale kabla ya reli kupita. Alipika Jumamosi tu, na si kila Jumamosi. Alipika samaki walipofika kutoka Bukama.

"Mulikuya kutafuta nani?" aliuliza.

"Chakula, mama," Émerence alijibu.

Mama Umba alitazama viatu vyetu, halafu nywele zetu. "Munatoka ku base."

"Ndiyo, mama."

Aligeuza samaki. "Samaki iko. Lakini bia haiko. Na kama muko mbio, mwende kule ku gare, ku treni."

"Hatuko mbio," Émerence alisema, huku amesimama na mfuko begani.

"Basi, ikala chini."

Tulikula bukari, ugali wa huko, ya moto pamoja na samaki yule, na mchicha wa lengalenga uliopikwa na karanga. Tangu nilipoondoka Bunia sikuwa nimekula chakula nikasahau niko wapi. Siku hiyo nilisahau. Émerence alimaliza kabla yangu na tayari alikuwa jikoni, akiuliza kwa nini samaki hakaangwi kwanza, na nani anawaleta, na nani mwingine hapa mjini anapika vizuri. Mama Umba alimjibu swali moja kati ya manne.

"Mama huyu iko na moto mu miguu," aliniambia mimi.

Baada ya siku hiyo, hakuna Jumamosi iliyotukuta kambini. Nyuma ya uwanja wa mpira tulimpata Papa Yav, ambaye huchoma michopo ya mbuzi kuanzia saa kumi, na saa kumi na mbili haibaki hata mifupa. Tulijua siku ambayo wanawake wa Kabongo huleta munkoyo, ile togwa ya mahindi na mizizi, na kwamba ule wa mama aliyekaa mwisho wa mstari ndio haujaongezwa maji. Émerence alikula viwavi vya kukaanga macho yakiwa yamefungwa, akafungua macho, akaomba vingine. Karibu na parokia tuliwaona vijana na wazee wakifanya mazoezi ya ngoma za Kiluba, na mzee mmoja akatuonyesha mahali pa kusimama ili tusikanyage njia ya wachezaji. Na kulikuwa na terasi ya wastaafu wa reli, ambako kila Jumapili jioni watu wanne walipiga rumba ya zamani kwa gitaa lililokosa waya mmoja. Wanandoa wa miaka sabini walicheza pale taratibu sana, na hakuna aliyewacheka.

Wageni wakaanza kumfuata. Wa kwanza alikuwa Nathalie, msichana wa Mbandaka aliyeolewa na koplo. Alikuwa amelia wiki nzima bila kutoka nje, na Émerence alimtoa kwa mkono kama mtu anayemtoa mtoto majini. Kisha wakaja wengine, na si wa kambi tu. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Likasi alipewa namba yake. Muuguzi naye. Simu ilikuwa inalia, wakimwita yaya, yaani dada mkubwa: Yaya Émerence, wapi naweza kula bila kuumwa tumbo? Yaya, Jumapili watu wanaenda wapi? Alijibu akiwa anatembea, akipumua kwa nguvu, na mara nyingi alikata kabla mwenzake hajasema asante.

Nitasema na ubaya wake, kwa sababu yeye mwenyewe ameniruhusu. Alikuwa anatukimbiza. Tulianza wawili, tukawa watano, tukawa kumi na wawili kwenye pikipiki sita, na hakuna mahali tulipomaliza kukaa. Tulikula kwa Papa Yav tukiwa tunaambiwa habari za terasi, tukakaa kwenye terasi tukiambiwa habari za mahali papya kule Sobongo. Mama Umba alimwonya.

"Mbele ya kuleta bantu, uniulize. Huku iko ku nyumba yangu, si ku hoteli."

"Nimesikia, mama," Émerence alisema.

Alisikia kweli. Lakini mwezi wa saba Guelord alikaa siku kumi na moja bila kupiga simu, na katika siku hizo hakuna neno lililokaa kichwani mwake. Jumamosi ya siku ya kumi na moja ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Nathalie. Émerence aliamua tukaisherehekee kwa Mama Umba. Alimpigia, simu ilikuwa imezimwa. Hakungoja. Alibeba keki, akambebesha Nathalie spika kubwa aliyoazima kwa jirani, tukaenda.

Tulimkuta Déborah tu, binti wa Mama Umba, ana mtoto mgongoni.

"Mama haiko," alisema. "Alienda ku..."

"Hakuna shida, tutamngoja," Émerence akasema, tayari anasogeza mabenchi. "Wewe pumzika, sisi tutawasha moto wenyewe."

Déborah alifungua mdomo tena. Niliona. Nikadhani anataka kutuambia habari za kuni. Kisha Émerence akawasha spika na hakuna aliyeweza kumsikia mtu mwingine.

Tulicheza. Siwezi kusema hatukufurahi. Nathalie alicheza mpaka kilemba kikaanguka, na Émerence alicheza kuliko wote, akipiga miguu chini kana kwamba kuna kitu anakizika. Mwanga ulikuwa bado mkali, yapata saa kumi. Ua wa Mama Umba umetenganishwa na wa jirani na barabara kwa uzio wa matete, na juu ya matete hayo niliona vichwa. Wanaume waliobeba majembe. Nyuma yao wanawake waliojifunika vitenge, wakitembea bila kuongea. Walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Walisimama wote barabarani, wakitutazama.

Nilikimbilia spika. Sikujua kitufe ni kipi. Nilibonyeza kimoja, sauti ikapanda. Nilibonyeza kingine, wimbo ukabadilika. Mwishowe nikaing'oa betri kwa nyuma, na ukimya ulioingia ulikuwa mbaya kuliko muziki.

Mama Umba alitoka katika kundi lile akaingia langoni. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu.

"Jirani yangu njo tunatoka kumuzika sasa hii," alisema. Hakupaza sauti. "Bibi yake anapita hapa analia, na benyewe munacheza mu lupango yangu."

"Mama, hatukujua," Émerence alisema.

"Haukuuliza."

Mama Umba alinyoosha mkono kuelekea lango.

"Mwende. Bote."

Tulirudi kambini. Keki ilibaki kwenye benchi. Nathalie alilia njia nzima nyuma ya pikipiki, ingawa kosa halikuwa lake. Jioni ile nilimwona Émerence akizunguka nyumba yake, mara ya kwanza, mara ya kumi, mpaka nikaacha kuhesabu nikafunga mlango. Ujumbe wa Guelord uliingia usiku huo, mstari mmoja tu: yuko mzima. Nilidhani ungemtuliza. Asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, amefunga kitenge cheusi, kichwa amekifunika.

"Utanisindikiza?"

"Kwenye matanga? Watatufukuza, Émerence."

"Watufukuze basi."

Marehemu alikuwa mstaafu wa reli, na mjane wake aliitwa Mama Kisimba. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka uani, mjane ndani karibu na mlango. Hakuna aliyetufukuza. Hakuna aliyetusalimu pia. Mama Umba alitutazama mara moja, akageuza uso. Émerence alisimama pale kwa muda, mikono haijui iende wapi, halafu akaona ndoo tupu, akaichukua aende kuteka maji.

"Acha ndoo," bibi mmoja mzee alisema. "Hatukukuita ku kazi. Ikala."

Akaketi. Nilikuwa nimeishi naye karibu mwaka mzima na sikuwahi kuyaona magoti yake yakikunjwa kwa zaidi ya dakika kumi. Aliketi kutoka asubuhi hadi jua liliposhuka nyuma ya paa. Niliona jinsi inavyomuuma. Alihamisha mguu huu, akahamisha ule, akashika vifundo vyake kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke. Siku ya pili alirudi peke yake. Siku ya tatu nilimfuata tena, na siku hiyo mjane ndiye aliyeongea.

"Weye, mama wa muziki."

Watu wote waligeuka kumtazama. Émerence akainua uso.

"Muziki ile ilikuwa ya wapi?"

"Ya kwetu, mama. Ya upande wa Équateur."

Mama Kisimba alitikisa kichwa polepole. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, sauti imekauka kwa kulia. "Bwana yangu alipenda kucheza. Kila yenga, siku ya misa, alienda kule ku terasi. Yeye hangekasirika. Minyi njo nilikasirika." Akapumzika kidogo. "Kwenu, mama yako iko?"

"Hayuko tena. Alikufa miaka mitano iliyopita."

"Ulifika ku kilio?"

"Sikufika. Tulikuwa Beni, na njia ilikuwa imefungwa. Walinipigia simu nikiwa ninapika."

"Na ukafanya nini?"

"Nilimaliza kupika," alisema. "Watoto walikuwa na njaa. Na mwezi uliofuata tukahamishwa Kindu."

"Haukukaa matanga? Hata siku moja?"

"Sikuwa na mahali pa kukaa, mama. Hakuna aliyemjua."

Mjane alivuta miguu yake akaacha nafasi kwenye mkeka wake. "Sogea huku," alisema.

Émerence alisogea kwa magoti mpaka pale, akaweka kichwa chini karibu na paja la yule mama, na akalia. Si kilio cha adabu kile tunachotoa kwenye msiba wa jirani. Alimwita mama yake kwa jina, kwa Lingala, na ingawa wengi pale hawakujua lugha hiyo, wanawake walianza kulia naye, mmoja, halafu watatu, halafu uwanja mzima. Mimi nililia wa kwangu pia. Mama Umba ndiye aliyeleta maji ya kunawa uso. Aliyaweka mbele yake.

Wiki mbili zikapita. Émerence hakwenda mjini, na wageni waliopiga simu aliwaambia wangoje. Kisha Mama Umba akapiga mwenyewe.

"Samaki ilifika. Kuya na bantu sita, si kumi na mbili. Na mbele ya kuingia kwangu, mupite kwa Mama Kisimba, mumusalimie."

Ndivyo ilivyobaki tangu siku hiyo. Kila mgeni anayeletwa na Émerence, awe mwalimu au mke wa kapteni, huanza kwa kuketi kwenye mkeka wa mjane, kutaja jina lake na kwao. Mama Kisimba huuliza maswali mengi. Wengine huona ni mateso, kwa sababu harufu ya samaki inapita juu ya matete na wao bado wanaulizwa habari za babu zao. Lakini nimewaona hao hao wakisalimiwa sokoni kwa majina mwezi mmoja baadaye.

Guelord alirudi mvua zilipoanza, amekonda, macho ya manjano kwa malaria. Alikaa nyumbani mwezi na nusu. Halafu karatasi ya uhamisho ikaja: Kananga, mwanzoni mwa Januari. Alimweleza mkewe akitabasamu, alidhani ni habari njema. Mazungumzo yao niliyasikia kwa Émerence mwenyewe.

"Wewe ndiye huwezi kukaa mahali pamoja," Guelord alimwambia. "Anza kufunga."

"Sitafunga."

"Unasema nini?"

"Nimekufuata miji sita, baba ya watoto. Sijawahi kukuuliza kwa nini. Huu wa saba nitakuja kuutembelea."

"Mke wa askari anamfuata askari."

"Najua. Na mama yangu alikufa sikumlilia mpaka nilipofika hapa."

Guelord hakuzungumza naye siku mbili. Ya tatu ilikuwa Jumamosi. Émerence alimpeleka Dimayi. Alipitishwa kwa Mama Kisimba kama wengine, akaulizwa babu yake alikuwa nani, na adjudant yule akajibu kama mwanafunzi. Kisha alikula kwa Mama Umba, sahani mbili, kichwa kimeinama. Njiani kurudi alimwambia mkewe kwamba hajakubali. Januari ilipofika aliondoka peke yake.

Émerence aliiacha nyumba ya kambini akapanga vyumba viwili Dimayi. Sitaki kusema kwamba kila kitu kilinyooka. Binti mdogo alimlilia baba yake wiki nyingi. Kuna Jumapili simu ya Kananga huisha kwa ugomvi, na mara mbili nimemkuta Émerence ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati, nguo zimekunjwa ndani, yeye amesimama analitazama. Mara zote mbili alilirudisha. Wakati wa Pasaka Guelord alikuja, akakaa siku tisa, na akalima kipande cha ardhi ambacho Mama Umba aliwapa wapande mihogo. Alipoondoka alisema atarudi kabla ya kuvuna. Hatujui bado.

Mimi naye tunaonana kila wiki. Jumamosi iliyopita tulikuwa kwa Mama Umba na wageni watatu, mmoja wao akiitwa Noémie, mpimaji wa maabara kutoka Kalemie, mwenye aibu, anayekula kwa ncha za vidole, viatu amevivua chini ya benchi. Hatukuwa tumefika katikati ya samaki wakati simu ya Émerence ilipolia. Alisikiliza, akainuka. Kuna mwanamke kule Sobongo, alisema, ameanza kupika kuku wa kienyeji na uyoga wa porini, na sufuria ni moja tu, ikiisha imeisha.

"Maliza kwanza," Mama Umba alimwambia.

"Nitamalizia njiani, mama."

Akatoka langoni na sahani ya Mama Umba mkononi. Noémie alinitazama kuona kama anapaswa kukimbia. Nilimwambia avae viatu vyake.